Mwenye nyumba anauza, dalali anasema nihame mwisho wa mwezi wa sita na kodi nshalipa hadi Disemba

Asalamu alaykum shangazi. Natumai u mzima na wa kwako wote wazima. Mimi nnakaa Fuoni, nna watoto watatu wote wanasoma skuli ya karibu hapa hapa, na baba yao anafanya kazi hotelini Nungwi kwa hiyo nyumbani huwa anarudi siku zake za mapumziko tu. Nyumba tunayokaa tumekodi, vyumba vitatu na ukumbi na kiuwanja kwa nyuma, tuko hapo miaka sasa na kila ikifika Januari tunaandikiana mkataba mpya mbele ya sheha na tunalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Mwaka huu tumelipa 200,000 kwa mwezi, yani 2,400,000, na mkataba umeandikwa kabisa kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Disemba, sahihi ya mwenye nyumba ipo, ya mume wangu ipo na muhuri wa sheha upo.

Sasa mwezi uliopita tukaanza kuona watu wanakuja kusimama nje wanaitazama nyumba, mara wanapiga picha, nikiuliza wanasema wametumwa. Baadae ndo akaja dalali mmoja akanambia mwenye nyumba anauza, keshampata mnunuzi, kwa hiyo tujitayarishe tuhame mwisho wa mwezi wa sita. Nikamwambia sisi tumelipa hadi Disemba, akanijibu mkataba wenu ulikuwa na mwenye nyumba wa zamani, nyumba ikishauzwa na mkataba umekufa, mwenye mali mpya ana amri yake. Nikamuuliza na pesa zetu je, akasema hizo mtaongea wenyewe na mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko Dar, nikimpigia mara hapokei, mara anapokea anasema "msiwe na wasiwasi tutaelewana", lakini tunaelewana nini hasemi.

Shangazi kilichonikera zaidi ni huyu dalali anavyoingia. Siku moja niko ndani kichwa wazi nafua, namuona mtu yuko ukumbini na wanaume wawili, hata hodi hakupiga, anawaonesha vyumba mpaka chumba changu cha kulala. Nlipomwambia baba watoto alitaka kushuka usiku ule ule. Juzi amekuja tena na karatasi anataka nisaini, anasema ni ya kuonesha kuwa nimepewa khabari tu, lakini nilivyoisoma nimeona imeandikwa "nakubali kuhama kwa hiari yangu". Sikusaini. Akaondoka anasema basi msije mkalalamika umeme ukikatwa.

Na kuna jambo jengine. Mwaka juzi maji yalikuwa yanasumbua sana, tukamuomba mwenye nyumba tuweke tangi na tujenge jiko la nje la matofali kwa sababu mimi napika chapati na sambusa za kuuza. Akakubali kwa mdomo, akasema jengeni nitakukateni kwenye kodi. Tulitumia kama 650,000 yote pamoja na fundi. Mpaka leo hajakata hata shilingi.

Majirani kila mtu na lake. Mmoja ananambia funga mlango usitoke hata aje nani. Mwengine anasema sisi wakaaji ndo wenye haki ya kuuziwa kwanza, eti sheria inasema hivo, kaisoma kwenye wasap. Na bibi mmoja wa mtaani ananambia hii nyumba si ya huyu peke yake, ni ya marehemu baba yao, na kuna dada yake yuko Wete hata khabari ya kuuzwa hana. Sijui nishike lipi. Sina pesa ya kulipa mwaka mwengine mahali pengine, zote ziko kwenye nyumba hii. Nisaidie shangazi, nsije nikatolewa nje na watoto.

Mama watatu, Fuoni

Waalaykumu salaam warahmatullah mwanangu. Barua yako nimeisoma na roho imeniuma khasa hapo pa mtu kuingia ndani ya nyumba ya watu bila hodi, na hilo nitalirudia. Kwanza nikutoe khofu kwenye lile kubwa: huyo dalali amekwambia uongo. Nyumba kuuzwa hakuui mkataba wa mtu aliyemo ndani. Mwenye nyumba ana haki ya kuuza mali yake wakati wowote anaotaka, hilo hakuna wa kumkatalia, lakini anauza kile alichonacho, na alichonacho hivi sasa ni nyumba yenye mpangaji ndani mpaka tarehe 31 Disemba. Miezi hiyo keshakuuzia wewe na pesa yake keshaitia mfukoni, hawezi kuiuza mara ya pili kwa mtu mwengine.

Na hili si maneno ya shangazi tu. Ukenda upande wa sheria za Zanzibar, mikataba inasimamiwa na Sheria ya Mikataba Sura 149, na kuhamisha mali kuna sheria yake ya zamani, Sura 150, na msingi wake ni kuwa anayenunua nyumba yenye mpangaji anaingia mahali pa muuzaji, anachukua haki zake na anabeba na wajibu wake. Na ukenda upande wa dini, kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Imam Shafi ambayo ndo wengi wetu huku tunayafata ni kuwa nyumba iliyokodishwa inauzika na uuzaji unasihi, lakini ijara, yani huko kukodi, haivunjiki, mnunuzi anangoja muda wa mkodi uishe ndo anaingia. Na kama mnunuzi hakuambiwa kuwa kuna mtu kakodi, basi ana khiari ya kuirudisha nyumba na kudai pesa yake. Hapo ndo pa kutia akili mwanangu, nitakwambia kwa nini.

Watu wengi katika hali yako wanashughulika na dalali, wanagombana na dalali, wanamlilia dalali. Muache huyo. Dalali anataka fungu lake na fungu lake linatoka siku nyumba ikilipiwa, kwa hiyo atakwambia lolote lile utoke haraka. Watu wako wewe ni wawili tu, mwenye nyumba na mnunuzi, na huyo mnunuzi ndo muhimu kuliko unavyodhani. Ningekuwa mimi ningemuogopa mnunuzi asiyejua kuliko mnunuzi mbaya. Kwa sababu mnunuzi huenda kaambiwa "wapangaji wanatoka mwezi wa sita, hawana tatizo", anatoa mamilioni yake, anakuja na familia yake na vitu vyake kwenye gari anakukuta wewe umo unamuonesha mkataba, na anaona wewe ndo uliyemdhulumu. Basi mtangulie. Ulizia jina lake, kama hukulipata kwa mwenye nyumba mwambie sheha, manake mauzo ya nyumba mtaani sheha huwa anajua. Ukimpata mpe kopi ya mkataba na kopi ya risiti ya kodi, kwa adabu kabisa, mwambie ndugu yangu sisi hatuzuii biashara yako lakini tumo mpaka Disemba na kodi tushalipa yote, tunakujulisha ili usije ukadaiwa wala kutudai. Hilo la kodi kulipwa mbele lishikilie sana, maana mwenye nyumba mpya asipojua anaweza kuja Julai kudai kodi yake na wewe ushamlipa mwengine. Na ukishamwambia nakuhakikishia mazungumzo yatabadilika, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayenunua mzozo, atamrudia muuzaji amwambie malizana na wapangaji wako kwanza au nipunguzie bei.

Mwenye nyumba naye muandikie. Simu haitoshi, kwenye simu "tutaelewana" ni neno tamu na halina ushahidi. Andika meseji ya wasap halafu na barua ya mkono, kopi moja kwa sheha, moja ubaki nayo. Si lazima iwe ya kiwakili, andika hivi:

"Asalamu alaykum. Tumepata khabari kwa dalali kuwa unauza nyumba tunayokaa Fuoni. Tunakukumbusha mkataba wetu ni wa tarehe 1 Januari hadi 31 Disemba na kodi yote shilingi 2,400,000 tumelipa. Hatukatai nyumba kuuzwa ila tutakaa mpaka mkataba uishe. Kama unataka tutoke kabla, tuko tayari kuzungumza nawe mwenyewe mbele ya sheha, kuhusu kurejeshewa kodi ya miezi iliyobaki, gharama za kuhama, na shilingi 650,000 za tangi na jiko ulizokubali kutukata. Pia tunaomba anayekuja kutazama nyumba atupe khabari siku moja kabla, na aje wakati mume wangu yupo."

Basi. Maneno machache, hakuna matusi, hakuna vitisho, na siku yakifika mbele ya hakimu barua hiyo inakusemea.

Ile karatasi umefanya vizuri sana kutoisaini, Mungu akuzidishie busara. Ukisaini umekubali kuhama kwa hiari basi mkataba wako wote umeuvunja kwa mkono wako mwenyewe na hata pesa zako itakuwa taabu kuzidai. Akija tena mwambie niachie kopi nitampa mume wangu asome. Na kama mumeo yupo kazini na dalali akaja kumvizia hukohuko hotelini, naye asisaini, muelezeni mapema mkubaliane neno moja, maana haya mambo huharibika pale mke kasema hivi na mume kasema vyengine.

Sasa hilo la kuingia bila hodi. Nyumba ikishakodishwa inakuwa ni ya mkodi kwa muda wake, stara yako ni yako, hata mwenye nyumba mwenyewe hana ruhusa ya kujiingilia anavyotaka sembuse dalali na wanaume asiowajua. Kutazama nyumba inayouzwa ni jambo la kawaida na usiwakatalie kabisa, ukikataa kabisa utaonekana wewe ndo mkorofi, lakini wewe ndo unayepanga saa. Waambie Ijumaa alasiri, au siku ya mapumziko ya baba watoto, na awepo yeye au kaka yako au hata jirani mtu mzima, na chumba chako cha kulala watatazama mlangoni. Mchana mlango wako uwe na komeo. Akiingia tena kwa nguvu hilo si suala la nyumba tena, ni la polisi, na usione haya kulipeleka.

Na umeme akiukata? Kumkatia mtu umeme au maji ili ahame ni kumtoa kwa mlango wa nyuma, na hana haki hiyo, wala mwenye nyumba hana, wala mnunuzi hana. Anayeweza kumtoa mtu kwenye nyumba aliyoilipia ni mahkama, tena kwa amri iliyoandikwa. Namba ya mita yako ya tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, iandike uiweke, piga picha mita na ndani ya nyumba yote ilivyo leo, na likitokea lolote nenda siku ile ile kwa sheha na polisi ukaliripoti, usingoje. Sheha mwenyewe pia mjue mipaka yake, yeye ni shahidi na msuluhishi, si hakimu, hawezi kukwambia hama na ukawa umehukumiwa.

Nije kwenye pesa, maana najua ndo panapokuuma. Hebu tuseme ukweli, huenda nawe ukaona bora kutoka tu kuliko kukaa nyumba yenye mvutano nusu mwaka, na mimi sitakulaumu, watoto nao wanahitaji utulivu. Lakini kutoka mapema ni kuwafanyia wao hisani, kwa hiyo ina bei yake. Ukitoka mwisho wa mwezi wa sita una miezi sita yako iliyobaki, hiyo ni 1,200,000, hiyo wala si ya kubembelezana ni haki yako. Juu yake kuna gari ya kuhamisha vitu, kuna dalali wa nyumba mpya ambaye na yeye atataka kodi ya mwezi mmoja, na kuna tofauti ya kodi kwa sababu nyumba ya 200,000 kama hiyo leo Fuoni au Mwanakwerekwe huenda usiipate kwa bei ile. Vyote hivyo vitie kwenye hesabu. Na pesa iwe mkononi kabla ya ufunguo kutoka mkononi. Hapa ndo wengi wanapoangamia jamani, mwenye nyumba anasema hameni tu, nikishalipwa na mnunuzi nakutumieni, watu wanahama kwa imani, wanakopa kulipa nyumba mpya kwa sababu huku kwetu kila mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mbele, halafu yule keshalipwa keshapanda boti simu haipokelewi. Usihame kwa ahadi hata akuapie. Mkubaliane mbele ya sheha, mnunuzi awepo, na ikiwezekana mnunuzi mwenyewe akulipe wewe moja kwa moja akate kwenye bei ya nyumba, hilo ndo salama kuliko yote, halafu muandikiane kuwa mkataba umevunjwa kwa makubaliano na kila mtu kapata chake.

Tangi ni lako, mlilinunua nyinyi na linabebeka, ukihama unaondoka nalo ikiwa hakukulipa pesa zake. Jiko la matofali huwezi kulibeba na hapo huna maandishi, sikufichi, itakuwa neno lako na lake. Lakini fundi yupo, risiti za saruji na matofali kama umezihifadhi zipo, na huenda kuna meseji ya wakati ule mmeongea habari ya kujenga, ipekue simu ya mumeo pia. Pesa ya jiko idai pamoja na yale mengine, na kama kwenye mazungumzo kuna kitu cha kulegeza basi legeza hapo, usilegeze kwenye kodi.

Huyo jirani wa wasap mwambie ahsante lakini hapana. Ardhi si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria zake, kwa hiyo yale maelezo yanayozunguka kwenye magrupu kuhusu Sheria ya Ardhi ya 1999 au kwenda baraza la kata hayo ni ya Bara hayatuhusu sisi. Na kuuziwa wewe kwanza si haki yako isipokuwa kama imeandikwa kwenye mkataba, hata shufaa katika dini ni ya mshirika katika mali, si ya mkodi. Kama mnao uwezo wa kununua mwambieni bei, si aibu, lakini msimdai kwa nguvu. Na yule wa kukwambia funga mlango usitoke hata aje nani, hilo ni kweli mpaka 31 Disemba tu. Baada ya hapo mnunuzi halazimiki kukuandikia mkataba mwengine, kwa hiyo hata ukibaki, ikifika Oktoba anza kutafuta na anza kuweka akiba ya kodi.

Limebaki la mirathi. Hilo si vita vyako na usiwe wewe wa kwenda kuuvunja undugu wa watu kwa maneno ya mtaani, lakini lina faida kwako kulijua. Kama kweli nyumba ni ya marehemu na haijagawiwa, kaka hawezi kuuza fungu la dada yake bila ridhaa yake, na uuzaji wa hivyo unaweza kusimamishwa Mahkama ya Kadhi kwenye mirathi, au kukwama kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi ambayo tangu sheria ya 1994 ndo inayopitia uhamishaji wa ardhi hapa. Kwa maana hiyo, ile haraka ya dalali ya mwisho wa mwezi wa sita usiichukue kama amri ya Mungu, mauzo yenyewe huenda yakachukua muda, na ukimuona mnunuzi muulize tu kwa upole, warithi wote wamesaini? Yeye mwenyewe atajua la kufanya. Ila katika makubaliano yako ya pesa hakikisha anayesaini ni aliyekukodisha, yule yule mwenye sahihi kwenye mkataba wako.

Wakikaidi wote, msiende kwa wakili wa kulipia kwanza. Kuna wasaidizi wa sheria kwenye shehia na wilaya, na tangu 2018 tuna sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana afisi Unguja na Chake Chake, nenda na mkataba, risiti, barua uliyomuandikia mwenye nyumba na picha. Hao watakuongoza shauri lipelekwe wapi, na migogoro ya ardhi na nyumba ina Mahkama yake ya Ardhi. Wenzangu mnaolipa mwezi kwa mwezi bila karatasi nanyi mnasoma, hali yenu ni nyonge zaidi kwa sababu hamna tarehe ya kushikilia, lakini na nyinyi mna haki ya kupewa notisi na muda wa kutafuta pengine, hamtolewi kwa siku moja. Tafuteni karatasi leo kabla nyumba haijapata mnunuzi.

Wewe mwanangu kesho asubuhi toa kopi tatu za mkataba, ile asili mpe mama yako au mtu unayemuamini akuwekee nje ya nyumba hiyo, na barua ya mwenye nyumba itoke kabla ya Ijumaa. Akikujibu, vyovyote atakavyojibu, niandikie tena tulitazame jibu lake pamoja kabla hujakubali chochote.